FANANI NA BUNDUKI: SWALI LA AMANA KATIKA MPAKA WA BUSIA NA MALABA

1.0 Utangulizi

Fanani mashuhuri anapovaa sare ya jeshi wakati wa vita, swali la kimaadili huzuka ambalo wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki hawajalipa uzito unaolistahili. Mtu aliyejulikana kwa sauti yake, kwa gitaa lake au kwa uigizaji wake anaposhika bunduki, au anapokubali kuwatumbuiza wale walioishika, je, anaendelea kuwa fanani wa watu waliomlea? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa wepesi. Wengine humsifu fanani huyo kuwa ni mzalendo, na wengine humlaumu kuwa ameisaliti sanaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majibu hayo mawili hayatoshi, na kwamba upungufu wake hubainika zaidi swali linapopelekwa Busia na Malaba, katika upande wa Kenya wa mpaka na Uganda.

Busia ni mji uliokatwa na mpaka ukawa miji miwili yenye jina moja. Malaba iko kaskazini yake, kwenye mto wa jina hilohilo, pale ambapo reli na barabara kuu ya kutoka Mombasa na Nairobi huingia Uganda. Mpaka wenyewe haukuchorwa na wakazi. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliuondoa uliokuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunganisha na himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kutokana na mipango ya namna hiyo, Waiteso na Wasamia walijikuta wako katika nchi mbili bila ya kuhama. Neno bodaboda, ambalo sasa linatumika kotekote Afrika Mashariki, linasemekana kuzaliwa kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili.

Mahali kama hapa, mpiga akogo wa Kiiteso akialikwa arusini hana budi kujiuliza ni upande gani wa mto, kwani jamaa zake wako pande zote. Hadhira ni moja ilhali serikali ni mbili. Ndiyo sababu makala haya yanautumia mpaka huu kuwa kipimo. Wasanii wawili watakaochunguzwa, yaani Fundi Konde wa pwani ya Kenya na Robert Serumaga wa Uganda, hawakuzaliwa hapa. Hata hivyo, vita walivyohusika navyo viliwagusa watu wa hapa, na swali lao haliwezi kukwepwa na mtu anayesikiliza redio za nchi mbili akiwa ameketi barazani pake.

2.0 Mcheza kwao na maana mbili za kutunza

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni sifa ya kuthamini nyumbani. Hata hivyo, kitenzi kinachoibeba kina maana mbili ambazo hapana budi zisomwe pamoja. Kutunza ni kumpa mchezaji tuzo hadharani, kwa fedha, leso au chochote kilicho mkononi. Kutunza pia ni kuhifadhi, kulinda kitu kisiharibike. Anayetunzwa kwa maana ya kwanza hutunzwa pia kwa maana ya pili: hadhira humpa tuzo na wakati huohuo humhifadhi, hulibeba jina lake kutoka ngoma moja hadi nyingine mpaka likawa kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Kutokana na hayo, umaarufu wa fanani ni kitu tofauti na kipaji chake. Kipaji ni chake, alizaliwa nacho au alikipata kwa mazoezi. Umaarufu umefanywa na wengi, na yeye ameshikishwa tu. Katika lugha ya maadili ya Waswahili, kitu cha wenyewe kilichowekwa mikononi mwa mtu huitwa amana. Mwenye amana hana uhuru wa kuitumia kama milki yake, wala hawezi kuitupa. Dai kuu la makala haya ni kwamba jina la fanani ni amana ya hadhira yake. Mwili wake anaweza kuutoa vitani kama mwananchi mwingine yeyote, lakini jina lake anapolipeleka vitani amepeleka kitu cha watu, na ana hesabu ya kutoa.

Majeshi yenyewe yanaujua ukweli huu. Mwanamuziki Glenn Miller alipojiunga na jeshi la Marekani mwaka 1942, jeshi halikuhitaji mikono yake ya kubeba silaha. Lilihitaji bendi na jina, na liliendelea kuvitumia hadi ndege aliyopanda ilipopotea tarehe 15 Desemba 1944. Kinyume chake, bondia Muhammad Ali alipokataa kuandikishwa mwaka 1967, alinyang'anywa ubingwa. Mtu mmoja asiyejulikana akikataa jeshi, dola hupungukiwa na askari mmoja. Mtu maarufu akikataa, dola hupungukiwa na ushahidi kwamba vita vyake ni vya haki.

3.0 Jadi ya mshairi na silaha

Huenda ikadaiwa kwamba utengano huu wa fanani na askari ni wa kigeni, na kwamba jadi ya Kiswahili haiujui. Dai hili lina nguvu. Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, ni shujaa na mshairi kwa pamoja. Alipofungwa gerezani alimtumia mama yake ujumbe kwa shairi ili amwokee mkate wenye tupa ndani. Kisha wakati wa ngoma ya gungu, kelele za wachezaji na matari zilipopanda, alizikata pingu zake. Ngoma na tupa zilifanya kazi moja. Vivyo hivyo, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu yapata 1776 hadi 1840, aliyafanya mashairi yake kuwa sauti ya mji wakati Mazrui walipopambana na Sayyid Said wa Unguja.

Hata hivyo, tofauti moja ya msingi isisahauliwe. Hadhira ya Muyaka iliyomtunza ndiyo iliyokuwa ndani ya kuta zilizoshambuliwa. Aliposimama nao alikuwa anairudisha amana kwa wenyewe, katika siku waliyoihitaji. Liyongo naye hakuandikishwa na dola ya mbali. Alipigania uhai wake, na msiba wake ulikuja kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Katika visa vyote viwili, fanani, hadhira na vita vilikuwa mahali pamoja. Ukoloni ndio uliovunja umoja huo. Ulichora mipaka iliyowagawa wasikilizaji, kisha ukaanzisha majeshi ambayo vita vyake havikuwa vya wasikilizaji hao.

Shaaban Robert anaonyesha njia ya tatu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hakwenda vitani. Alikuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, kwa miaka mingi katika idara ya forodha, kazi ambayo mkazi yeyote wa Busia au Malaba anaifahamu kwa karibu. Hata hivyo alitunga utenzi mrefu juu ya vita hivyo, *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Mshairi huyu aliubakiza mwili nyumbani lakini sanaa yake ikaingia vitani. Kwa hiyo mpaka kati ya aliyekwenda na asiyekwenda si mnene kama unavyodhaniwa. Jambo linalopaswa kupimwa ni kazi iliyofanywa na jina, mahali popote mwili ulipokuwa.

4.0 Hoja ya Mazrui na kasoro yake

Msomi wa Afrika Mashariki aliyelikabili swali hili moja kwa moja ni Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Katika riwaya yake *The Trial of Christopher Okigbo*, iliyotoka mwaka 1971, anamfikisha mshairi wa Nigeria mbele ya mahakama ya ahera. Okigbo aliuawa mwaka 1967 akipigana upande wa Biafra. Shtaka ni kwamba aliitanguliza jamii yake mbele ya sanaa yake, akakiangamiza kipaji ambacho kilikuwa cha ulimwengu mzima. Wakili anayemtetea, Hamisi, ni Mkenya.

Ubora wa riwaya hii ni kule kukataa kwake kumruhusu fanani ajifiche nyuma ya ushujaa. Kasoro yake ni kwamba mdai katika kesi ni Sanaa yenyewe, kitu kikubwa kisicho na uso. Sanaa haina watoto wa kulea wala shamba la kuchomwa. Haiwezi kumwambia mshairi, "Uliniacha." Wanaoweza kusema hivyo ni watu. Mahakama ya Mazrui ingekuwa na haki zaidi kama ingewaita wasomaji wa Okigbo kutoka pande zote za vita, wale wa Enugu na wale wa Ibadan alikosomea, ikawauliza ni nini walichompa na ni nini walichokitarajia. Katika mji kama Busia, ambapo wasikilizaji wa pande mbili hukutana sokoni kila siku, mdai anaonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo makala haya yanalihamisha deni la fanani kutoka kwa Sanaa na kuliweka kwa hadhira.

5.0 Fundi Konde na burudani ya askari

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 katika jamii ya Wagiriama, pwani ya Kenya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na kikosi cha burudani cha King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili walilizoea kwa jina la Keya, akasafiri hadi Asia kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki. Miongoni mwa askari hao walikuwamo vijana wa Magharibi mwa Kenya na wa Mashariki mwa Uganda. Kijana Msamia wa upande wa Kenya aliweza kujikuta katika batalioni ya Kenya, na binamu yake wa ng'ambo katika ile ya Uganda. Wote waliamrishwa kwa Kiswahili, na wote waliweza kumwelewa mwimbaji mmoja.

Swali la kimaadili hapa limefichwa ndani ya neno lenyewe. Burudani hutokana na kuburudi, yaani kupoa. Kumburudisha askari ni kumpunguzia joto la woga, upweke na hamu ya nyumbani. Lakini askari aliyepoa hurudishwa motoni. Je, anayempoza hashiriki katika kumrudisha? Hali ya askari hao haikuwa ya mzaha. Tarehe 12 Februari 1944, meli *Khedive Ismail*, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma katika bonde la Kabaw, mahali pa mvua, matope na malaria. Vita hivyo vilipiganwa kwa ajili ya dola iliyowanyima askari hao haki ya kupiga kura katika nchi zao wenyewe.

Mkali wa hukumu atasema kwamba Konde alikuwa chombo cha dola hiyo. Hukumu hiyo inasahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba hiari ya mtawaliwa ni nusu ya hiari. Katika nchi ya kodi ya kichwa na kipande, kujiandikisha hakuwezi kulinganishwa na uchaguzi wa raia huru. La pili ni zito zaidi: Konde hakuwa na jina kubwa la kulipeleka vitani. Kabla ya vita, hadhira ya kijana mwenye gitaa ilikuwa ya kijiji au ya mtaa. Ni jeshi lililomkutanisha na watu wa kutoka Kilifi, Busia, Tororo na Songea kwa mara moja. Amana aliwekewa hukohuko vitani, na waliomwekea walikuwa askari wa kawaida. Makoloneli hawakuwamo katika hadhira hiyo.

Basi hesabu yake inapaswa kuanzia alipoteremka melini. Fundi Konde alirudi, akarekodi Nairobi katika miaka ya 1940 na 1950, na nyimbo alizokumbukwa kwazo ni za mapenzi, za maisha ya mjini na za mikasa ya binadamu kama *Ajali Haikingiki*. Waliokuwa askari walirudi mashambani kwao pande zote za mto Malaba, na sauti iliyowaburudisha ughaibuni waliweza kuisikia tena katika santuri na redio bila ya kuhitaji kibali cha kuvuka. Kile alichopewa kambini alikirudisha kwa raia. Alifariki mwaka 2000, na hadi mwisho alijulikana kuwa mwimbaji. Uaskari ulibaki kuwa sura moja tu ya maisha yake.

6.0 Robert Serumaga: kutoka jukwaani hadi vitani

Kisa cha pili ni kigumu zaidi, kwa kuwa hapa fanani alikuwa na jina kubwa na hiari kamili. Robert Serumaga alizaliwa mwaka 1939. Alisoma uchumi katika Trinity College, Dublin, akarudi Kampala akawa mwandishi wa tamthilia, mwigizaji na mwongozaji. Riwaya yake *Return to the Shadows* ilitoka mwaka 1969, na tamthilia zake *The Elephants* na *Majangwa* zilifuata. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, mtindo wake ulibadilika. Katika *Renga Moi* na *Amayirikiti*, akiwa na kundi lake la Abafumi, alipunguza maneno na kuiachia kazi ngoma, miondoko na kilio. Mkaguzi wa serikali angeweza kuyafuta maneno yaliyoandikwa. Kuufuta mwili wa mchezaji kulihitaji ujasiri mwingine.

*Renga Moi* imejengwa juu ya hadithi ya Kiacholi. Shujaa amezaliwa watoto pacha, na mila inamtaka akamilishe matambiko wala asimwage damu. Wakati huohuo maadui wanakishambulia kijiji. Akibaki nyumbani, kijiji kitaangamia. Akienda vitani, atakuwa ameuvunja mwiko. Anakwenda, anashinda, na anaporudi anawakuta wanawe wameuawa. Tamthilia hii iliyachunguza mapema masharti ya uamuzi ambao mwandishi wake alikuja kuufanya yeye mwenyewe. Mwandishi alijua kwamba ushindi haumrudishii mtu alichokiacha nyuma.

Uganda ya miaka hiyo haikuwapa wasanii nafasi ya kukaa kando. Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na kiongozi wa Jumba la Taifa la Maonyesho, aliuawa mwaka 1977 baada ya kurejea kutoka tamasha la FESTAC la Lagos. Kawadwa hakuwa na bunduki, na kutokuwa na bunduki hakukumwokoa. Serumaga aliihama nchi akakaa Nairobi, akajiunga na harakati za silaha dhidi ya Amin. Baada ya Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili 1979, alikuwa Waziri wa Biashara katika serikali ya Yusuf Lule, iliyodumu siku 68. Serikali hiyo ilipoangushwa alirudi uhamishoni, na mwaka 1980 akafariki Nairobi.

Wanaomsifu husema kwamba alitenda alichokiigiza. Wanaomlaumu husema kwamba Uganda ilikuwa na wanasiasa wengi na wapiganaji wengi, lakini ilikuwa na Serumaga mmoja. Kauli zote mbili zina ukweli, na hakuna hata moja inayomtaja msikilizaji.

7.0 Hukumu ya mpakani

Wakazi wa Busia na Malaba waliyaona matukio hayo kutoka mahali pengine kabisa. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya Magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, na kwa siku kadhaa watu wa hapa hawakujua kesho wangeamka wakiwa raia wa nchi gani. Katika miaka hiyo magendo yalikuwa chakula cha wengi. Wakimbizi walivuka wakiwa na magodoro vichwani, na miongoni mwao walikuwamo walimu, wanamuziki na waigizaji. Mapema Machi 1979, wapiganaji waliotokea upande wa Kenya waliushambulia mji wa Tororo, mwendo mfupi tu kutoka Malaba, wakashindwa baada ya siku chache za mapigano makali. Mwezi Desemba 1987, Amin akiwa ameondoka zamani, majeshi ya Kenya na ya Uganda yalirushiana risasi Busia kwenyewe na mpaka ukafungwa.

Kutokana na uzoefu huu, vipimo vitatu vinaweza kutolewa.

Kipimo cha kwanza ni hiari. Fanani aliyelazimishwa hawezi kuhukumiwa sawa na aliyechagua. Kwa kipimo hiki Konde ana udhuru mkubwa, na Serumaga hana udhuru wala hauhitaji, kwani alichagua akijua.

Kipimo cha pili ni uso wa adui. Vita vyovyote humtaka askari asione uso wa yule anayempiga. Fanani, kwa asili ya kazi yake, ni mtu anayewapa watu nyuso. Jina lake likitumika kuwafuta usoni wale waliokuwa wakimsikiliza, basi amana imevunjwa. Mkazi wa mpakani analielewa jambo hili bila ya kufundishwa. Askari wa Amin aliyekuwa kizuizini mwa barabara upande wa pili wa mto alikuwa mtesaji. Huenda pia alikuwa mtoto wa jirani aliyekariri nyimbo zilezile. Kwa upande wa Serumaga, kazi zake za jukwaani zinamtetea. Hazikuchochea chuki ya kabila, na kilio kilichomo ndani yake ni cha aliyeua na cha aliyeuawa.

Hapa hapana budi kukabili pingamizi nzito. Mtu aliyempoteza ndugu mikononi mwa askari wa Amin anaweza kuuliza: amana ina faida gani ikiwa wenye amana wanauawa? Je, fanani akae akilitunza jina lake safi wakati wanaolimiliki wanatupwa mtoni? Pingamizi hii ni ya haki, na nadharia yoyote isiyoweza kuijibu haifai. Jibu limo ndani ya dhana yenyewe. Aliyewekewa amana, nyumba inapowaka moto, huruhusiwa hata kuvunja mlango ili kuiokoa. Anayeikunja mikono akasema kwamba yeye si mvunja milango ameihini amana kwa usafi wake. Kwa hiyo kushika silaha dhidi ya utawala unaoiua hadhira kunaweza kuwa ndiyo njia pekee ya uaminifu. Makala haya hayaoni namna ya kumlaumu Serumaga kwa kuivuka mipaka ya jukwaa mwaka 1979.

Lakini moto ukizimika, amana hurudishwa kwa wenyewe. Hiki ndicho kipimo cha tatu, nacho ni marejeo. Konde alirudi kwa wasikilizaji wake. Serumaga alitoka vitani akaingia wizarani. Jina lililofanywa na watazamaji wa tamthilia likawa mtaji wa serikali, na serikali ikaanguka kabla ya miezi mitatu. Hakupata, au hakujipa, muda wa kurudi jukwaani kuwaambia watazamaji wake alichokiona, alichokitenda na alichokipoteza. Huenda angefanya hivyo kama angeishi. Mtu aliyeandika *Renga Moi* alikuwa na uwezo kuliko wengi wa kuusema ukweli wa mshindi anayerudi nyumbani na kukuta msiba. Sauti hiyo ilikosekana katika Uganda ya miaka ya 1980, miaka ambayo vita vilifuatana na kila upande ulikuwa na mashujaa wake na haukuwa na wa kuwalilia wa upande wa pili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba swali la fanani askari haliwezi kutatuliwa kwa kuipima sanaa dhidi ya uzalendo. Umaarufu ni amana ya hadhira, na hadhira, hasa katika mahali kama Busia na Malaba, haifuati mstari wa serikali. Fanani anayekwenda vitani anaweza kuwa mwaminifu kabisa, mradi jina lake lisitumike kuwafuta wasikilizaji wake, na mradi vita vikiisha arudi kutoa hesabu. Kwa mizani hiyo Fundi Konde, ambaye wengi humwona mwimbaji wa starehe tu, anatoka na hesabu iliyofungwa vizuri. Robert Serumaga, ambaye ushujaa wake ni mkubwa zaidi, anaacha deni ambalo kifo kilimzuia kulilipa.

Deni la namna hiyo halifi pamoja na mdaiwa. Linawaangukia wahakiki na walimu. Tamthilia za Serumaga hazisomwi sana madarasani, na zinaposomwa, miaka yake ya mwisho hutajwa kwa sentensi moja au hurukwa. Nyimbo za Fundi Konde huchezwa redioni bila ya kutajwa kwamba mwimbaji wake aliwahi kuvaa sare. Kuziunganisha sura hizi za maisha yao, na kuzifundisha pande zote za mto Malaba, ni sehemu ya hesabu inayodaiwa. Mwaka 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpaka, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Wasikilizaji wa hapa hawakungoja kituo hicho. Walikwisha kuwa na nyimbo za pamoja tangu zamani, na wana haki ya kuwauliza walioziimba walikuwa wapi siku ya vita, na walirudi na nini.